Binti Anapobisha Hodi kwa Mwandishi Mzee

Swali:
Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa fasihi hapa Mwanza, najiandaa kuandika tasnifu ya uzamili. Majuzi tuliangalia filamu ya Kimarekani iitwayo Starting Out in the Evening, ya mwandishi mzee wa New York anayetembelewa na binti anayemwandikia tasnifu. Wenzangu walibishania kofi la mwishoni tu. Mimi filamu ilinitia hofu, kwa sababu mwandishi ninayemtaka naye ni mzee, anaishi huku huku kwetu, na vitabu vyake havipatikani madukani. Naomba kuuliza: kwa nini alimpiga yule binti? Hayo maisha ya waandishi wa jiji kubwa yanatuhusu nini sisi wa kanda ya ziwa? Na je, niende kwa huyo mzee au nibaki na vitabu vyake?

Jibu:
Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho maana ndilo lenye haraka. Nenda. Mzee wa umri huo hasubiri ratiba ya chuo. Ila usiende kesho, na usiende kwa namna aliyokwenda binti wa kwenye filamu.

Kwa wasomaji ambao hawajaiona, filamu hiyo ilitoka mwaka 2007, mwongozaji wake ni Andrew Wagner, na imetokana na riwaya ya Brian Morton ya mwaka 1998 yenye jina hilohilo. Frank Langella anaigiza Leonard Schiller, mgane mwenye riwaya nne ambazo hazichapwi tena, na ya tano ambayo amehangaika nayo kwa miaka kumi na zaidi bila kuimaliza. Lauren Ambrose ni Heather, mwanafunzi anayetaka kumwandika na anayeamini kwamba tasnifu yake itamrudisha mzee kwenye midomo ya watu. Yuko pia Ariel, binti wa Leonard, anayeigizwa na Lili Taylor. Anakaribia miaka arobaini, anatamani mtoto, na amerudiana na Casey, mwanamume asiyetaka watoto. Filamu ilipigwa kwa siku 18 tu na kwa fedha kidogo, na mimi naona umaskini huo uliifaa. Karibu yote ni vyumba, viti na nyuso, hakuna pa kujificha.

Mtazame Leonard anapokwenda kuandika. Yuko peke yake nyumbani, hana mgeni wala kikao, lakini anakaa mbele ya taipureta akiwa amevaa shati, tai na koti. Anakaa hivyo siku riwaya inaposogea na siku isiposogea. Langella haongezi kitu hapo, hapumui kwa nguvu, hashiki kichwa kuonyesha kwamba anawaza. Anakaa tu kama mtu aliyefika kazini. Ukikielewa kitendo hicho, nusu ya filamu umeshaipata, kwa sababu heshima ile ndiyo silaha pekee aliyobaki nayo. Wachapishaji wamempa kisogo, wasomaji wake wamezeeka au wamekufa, mwili unamwacha taratibu, ila yeye bado anakwenda mezani akiwa nadhifu.

Katika heshima hiyo anaingia Heather. Siku ya kwanza anambusu mkono. Watu wengi waliona mapenzi pale. Mimi niliona jambo jingine kwanza: njaa ya msomaji. Riwaya mbili za mwanzo za Leonard zilimfundisha msichana huyu kuishi kwa uhuru, na amekuja kumlipa deni hilo. Riwaya mbili za mwisho zimemvunja moyo, anaona mwandishi wake amepoa, na anataka kujua nani alimpoza. Kwa hiyo anauliza maswali ya maisha ya ndani, ya ndoa, ya kifo cha mke. Leonard anakwepa kwa adabu, anarudi kwenye vitabu. Heather hakubali. Ameshaijenga hoja yake, kilichobaki ni mzee kuithibitisha.

Sitaki umlaumu haraka. Swali lake ni halali. Mhakiki ana haki ya kuuliza kwa nini mwandishi aligeuka, na sisi wa ziwani tunalijua swali hilo kuliko wengi. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo, kisiwani Ukerewe katika Ziwa Victoria, mwaka 1944, alitoa Rosa Mistika mwaka 1971, riwaya iliyosomwa kwa kificho mabwenini wakati ilipokuwa imepigwa marufuku shuleni. Kisha zikaja Kichwamaji, Dunia Uwanja wa Fujo na Gamba la Nyoka. Miaka kumi na kitu baadaye akatoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka uliofuata, na wasomaji waliompenda kwa ajili ya Rosa wakabaki mlangoni. Hakuna kijiji unachokitambua humo, hakuna shangazi, hakuna mwalimu mkuu mwenye tamaa. Kuna safari ya mtu anayetafuta, vivuli, sauti na maswali ya kifalsafa. Nimewasikia wanafunzi wakisema kwamba mzee alipotea baada ya kwenda kusoma Marekani. Wengine wanasema kule ndiko alikofika. Kila mwaka mjadala huo unaamka upya darasani, na ni mjadala mzuri. Ila mwanafunzi anayeanza na neno “alipotea” ameshaamua kwamba njia sahihi ni ile aliyoizoea yeye msomaji. Heather anaanza na neno hilo. Hamuulizi Leonard, “Ulikuwa unatafuta nini katika riwaya ya tatu?” Anachouliza ni kwa nini riwaya ya tatu haikuwa kama ya kwanza.

Sasa kofi. Leonard amepatwa na kiharusi. Heather anakuja kumwona, na mzee anamzaba kofi. Ni kosa, na wenzako waliosema hivyo wamesema kweli. Mwanamume kumpiga msichana aliyekuja kumjulia hali hakuna udhuru unaolifuta. Ukiniuliza limetoka wapi, nitakuambia limetoka kwenye ile tai na lile koti. Katika filamu nzima kila alipochokozwa alijibu kwa adabu. Alimfungulia mlango mtu aliyesema anamtaka mwandishi, akamwonyesha na mtu aliyejificha nyuma ya mwandishi, na alipokuja kuhesabu akaona kwamba yule mtu ndiye aliyebebwa, mwandishi akaachwa. Kiharusi kimemnyang'anya utaratibu wake wote, hata ule wa kuficha hasira. Unaliona kosa, na unamwona pia binadamu ambaye kwa mara ya kwanza hajajipanga. Wagner hatuambii kama tutoe machozi au tukasirike, na namshukuru kwa hilo.

Niongeze jambo moja ambalo wenzako hawakulitaja. Kofi lile si mwisho wa filamu. Baada yake Leonard anarudi mezani. Mchunguze pia Ariel katika sehemu hiyo ya mwisho. Heather amemsoma mzee mstari kwa mstari, Ariel ndiye anayebaki naye wakati mwili umeanguka, na filamu inamweka kila mmoja mahali pake bila kumdharau mwenzake. Ukirudia kuiangalia, fuata uso wa Lili Taylor kuliko maneno yake.

Swali lako la jiji kubwa nalo lina uzito. Leonard anaishi Manhattan, upande wa magharibi wa bustani kubwa ya Central Park, mtaa ambao kwa miongo mingi ulijaa waandishi, walimu wa vyuo, wanamuziki na wahariri. Jarida la The New Yorker lilianza mwaka 1925. Partisan Review, lililokuwa uwanja wa mabishano ya kizazi cha akina Leonard, lilianza mwaka 1934 na likafungwa mwaka 2003, miaka minne tu kabla ya filamu hii kutoka. The New York Review of Books lilizaliwa mwaka 1963, wakati magazeti ya jiji yalipokuwa kwenye mgomo. Upande wa pili wa bustani kuna ukumbi ambao washairi wamekuwa wakisoma kazi zao mbele ya hadhira tangu 1939. Mwandishi, mhariri, mhakiki, muuza vitabu na msomaji wote wanapanda treni ileile ya chini ya ardhi. Kitabu kikitoka Jumatatu, kufika Ijumaa kimeshagombaniwa mezani.

Uzuri wa mji huo hauhitaji kuelezwa sana. Ukatili wake ndio filamu inauonyesha: mtu anaweza kusahauliwa akiwa katikati ya watu walewale ambao kazi yao ni kukumbuka. Leonard hakuhamia porini. Milango aliyokuwa akiingia zamani iko palepale, ila ndani wamekaa vijana ambao hawamjui, na biashara ya vitabu imehamia kwenye majina yanayouzika.

Kwetu mambo yamepangwa vingine. Riwaya ya Kiswahili haina mtaa wake. Mwandishi anaweza kuwa Nansio, Ukerewe, mchapishaji yuko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara kutoka Mwanza, na msomaji ni mwanafunzi wa kidato cha tatu anayekisoma kitabu kwa sababu kimo kwenye orodha ya vitabu teule. Kikitoka kwenye orodha hiyo, mchapishaji hana sababu ya kukirudia kiwandani, na ndipo unapoanza kukitafuta kwa wauza mitumba wa vitabu pembeni mwa barabara, kimekatika jalada na kina jina la shule iliyokipoteza. Hicho ndicho kilichompata mzee wako, naamini. Aliandika vizuri au vibaya, orodha ilibadilika. Kwa hiyo ukiniuliza filamu hii inatuhusu nini, nitasema inatuonyesha mtu anavyosahauliwa hata pale ambapo kila kitu kipo. Huku mwandishi anasahauliwa kwa kukosa vyombo, na jambo hilo lina nafuu yake: chombo mtu anaweza kukitengeneza.

Na hapa ndipo nataka nikae kidogo, kwa sababu kisa chenyewe kimeshatokea ng'ambo ya maji kutoka hapo ulipo, na nadhani ni kikubwa kuliko cha filamu.

Aniceti Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896. Alisoma kwa wamisionari, akapelekwa seminari ya Rubya upande wa Bukoba, akarudi kisiwani, akaoa, akafanya kazi. Alichokiona ni kwamba wazee wanakufa na mambo yao: jinsi ya kuposa, kulima, kuvua, kutibu, kupatanisha, kuzika. Akaamua kuyaandika kwa Kikerewe, na kwa akili kubwa hakuandika kitabu cha mila. Aliandika riwaya ya mume na mke wanaopendana ambao hawajapata mtoto, Myombekere na Bugonoka. Ndugu wa mume wanamnyanyasa mke kwa ugumba, wazazi wake wanakuja kumchukua binti yao, na mume anabaki nyumbani bila mtu. Akienda kumwomba arudi, wakwe wanamtoza pombe ya ndizi. Hapo Kitereza haharakishi. Unaiona kazi yenyewe ikifanyika, ndizi zinavyoivishwa, zinavyokamuliwa, nani anaitwa kusaidia na nani analeta chombo gani, mpaka unaelewa kwamba faini ile imewekwa ili mume afanye kazi kwa mikono yake na aombe msaada kwa watu kabla hajarudishiwa mke. Hakuna mahubiri. Mapenzi yanapimwa kwa jasho.

Muswada ulikamilika mwaka 1945. Hakuna mchapishaji aliyeutaka. Kitabu kinene, lugha ya kisiwa, nani atanunua? Ulikaa. Kitereza alizeeka nao, maradhi ya viungo yakamshika, na yeye na mkewe walizika watoto wao.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakaja wageni. Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, Wamarekani, walikuwa Ukerewe kwa utafiti wa historia. Wakamkuta mzee na muswada wake. Hii ni filamu ileile, mwanangu: msomi kijana kutoka mbali, mwandishi mzee ambaye dunia haimjui, na rundo la karatasi. Wageni hawa nao walikuwa na utafiti wao wa kumaliza. Ila maongezi yao na mzee yaligeukia muswada, utatokaje pale ulipo. Kitereza, akiwa amepita miaka sabini, alikaa akautafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, lugha ambayo Tanzania nzima ingeisoma. Mwaka 1972 akina Hartwig wakachapisha makala kumhusu katika jarida la kimataifa la fasihi ya Afrika. Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ikauchukua muswada wa Kiswahili, na kitabu kinabeba mwaka 1980 kama mwaka wa kuchapwa. Hesabu miaka tangu 1945: ni 35. Kitereza alifariki mwaka 1981 kabla ya nakala kumfikia mkononi.

Kila ninaposoma habari hiyo inaniuma. Lakini angalia kilichofuata. Kitabu kilitafsiriwa kwa Kijerumani, na mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwingine mzaliwa wa Ukerewe, akatoa tafsiri ya Kiingereza aliyoifanya kutoka Kikerewe chenyewe, kitabu cha zaidi ya kurasa 600. Leo mtu akitaka kujua watu wa ziwa waliishije kabla ya ukoloni, anaweza kuanzia hapo. Yote hayo yalipita katika mlango mmoja ambao wageni waliubisha, kisha wakauliza kuhusu karatasi.

Basi, utakapokwenda kwa mzee wako, jambo ninalokuomba kuliko yote ni hilo: uliza kuhusu karatasi. Muswada ambao haukuchapwa, tamthilia iliyoigizwa shuleni ikaishia hapo, mashairi yaliyosomwa redioni, barua za wahariri waliomkataa. Mambo ya namna hiyo hukaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na maadui wake ni mchwa, panya, unyevu wa masika na mjukuu anayetafuta karatasi ya kufungia maandazi. Mzee akikubali, piga picha kila ukurasa kwa simu yako, kwa mwanga wa dirishani, ukurasa mmoja picha moja, na namba za kurasa zionekane. Usiuondoe muswada nyumbani kwenda nao steshenari mjini, hata kwa siku moja. Nakala moja ya picha iache kwa familia, nyingine uulize maktaba ya chuo chako kama wataipokea kwa maandishi.

Kabla ya hapo, soma. Soma kila alichochapisha, na vile vya mwisho usome mara mbili, maana hivyo ndivyo vijana huviruka. Ukipata mtaani nakala ya kitabu chake, inunue umpelekee. Waandishi wengi wazee hawana hata kimoja cha kwao, waliwaazima watu, havikurudi.

Chukua barua ya utambulisho chuoni, pita kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha mtafute mtoto au mjukuu anayemhudumia na umweleze kwanza yeye. Huyo ndiye Ariel wako. Anajua saa ambazo mzee ana nguvu, anajua jambo gani likitajwa mzee hapati usingizi usiku. Siku ya kwanza usitoe kinasa sauti. Peleka sukari na majani ya chai, salimia, kaa, ongea habari za ziwa na bei ya sato, jibu maswali yake maana atakuuliza wewe ni wa nani na kwenu ni wapi. Huko kuulizwa ni haki yake. Wewe unakwenda kumuuliza maisha yake yote.

Maswali ya ndoa na misiba yaache mpaka ayalete mwenyewe. Asipoyaleta, tasnifu yako haitapungua kitu. Uliza ya kazi: alianza na mhusika au na tukio, nani alisoma kwanza, mhariri alikata nini, alilipwaje, aliacha kuandika lini au bado anaandika usiku. Majibu ya maswali hayo hayapo kwenye maktaba yoyote, na akifa yanakwenda naye.

Kuna suala la haki pia, na wanafunzi hulipuuza. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi inalindwa kwa maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Muswada usiochapwa nao ni kazi. Ukitaka kunukuu kurasa zake au kuzichapisha kama kiambatisho, andika karatasi fupi ya Kiswahili chepesi, asome au asomewe, aweke sahihi mbele ya mtu wa familia, na nakala ibaki kwake. Usije ukachapisha mtandaoni shairi la mzee kwa sababu tu limekugusa.

Umeniambia una hofu, na nadhani najua ya nini. Unaogopa kwamba utavisoma vile vya mwisho kwa makini na bado utaviona dhaifu. Inawezekana. Mwandishi mzuri anaweza kuandika kitabu kibaya, na tasnifu inayoficha hilo haimheshimu mtu. Andika unavyoona, kwa ushahidi wa kurasa. Ila sura hiyo mpelekee yeye kwanza. Kama macho hayaoni, msomee mwenyewe kwa sauti, yote, pamoja na sehemu chungu. Akikataa hoja yako, muulize kwa nini, andika jibu lake kwa maneno yake, uliweke ndani ya sura ileile mbele ya hoja yako, ndipo upeleke kwa msimamizi.